Kabla Hujalipa Arubuni ya Maua ya Harusi

Miezi minne baada ya harusi ya binti wa dadangu nilikuwa nimeshalifunga daftari. Bi harusi yuko kwake, wageni walikula pilau wakashiba, mwenye ukumbi na mpishi walilipwa. Kisha jioni moja dadangu akanipigia simu, akaomba nimwazime Sh. 6,000. Nikamuuliza za nini. Akazungukazunguka, mwisho akasema bado analipa mkopo wa simu aliouchukua wiki ya harusi na riba imemshinda. Mkopo wa nini tena, na pesa zote zilipitia mkononi mwangu?

"Wa maua, kakangu. Niliona haya kukwambia."

Mimi nina diploma ya uhasibu, ndiyo sababu kila panapokuwa na harusi katika ukoo wetu hapa Mombasa daftari hutupiwa mimi. Basi nikalifungua tena. Mstari wa maua ulikuwa mmoja tu: "Maua, 25,000." Sikukumbuka hata ni nani aliyeitaja namba hiyo. Nadhani ni mtu aliyekuwa amekaa karibu na mlango, akasema ishirini na tano zatosha, tukaandika, tukahamia kwenye nyama. Nyama tuliijadili saa nzima.

Nilipoketi na dadangu tukahesabu gharama ya kweli, ilifika Sh. 68,000. Jukwaa la bi harusi 35,000. Maua ya meza 20, kila meza 800, hizo ni 16,000. Lango la kuingilia ukumbini 6,000. Gari 4,000. Shada la mkononi 3,500, na usafiri wa mpambaji na vijana wake 3,500. Ile tofauti ya 43,000 aliibeba mama wa bi harusi peke yake, kimya kimya, kwa mkopo wa simu.

Najua si dadangu pekee yaliyomfika haya. Mahari, chakula na ukumbi huzungumzwa na wazee wakiwa wamekaa kitako. Maua huachiwa wanawake na mpambaji, wiki ya mwisho, wakati hakuna tena pa kupunguza. Na sisi wanaume tunalipia kitu tusichokiona. Usiku wa kupamba ni wa wanawake, mimi sikutia mguu ukumbini. Maua yale niliyaona baadaye kwenye simu, na hata hapo ni lango na gari tu, kwa sababu picha za ndani hazitakiwi kutoka.

Harusi ya Kiswahili si ya siku moja, na hapa ndipo hesabu huanza kuharibika. Kuna hina, kuna nikahi, kuna kupamba, kuna walima, na wengine wana yao ya kuongeza. Ukisema "maua" kana kwamba ni kitu kimoja, mpambaji atakuandalia kila shughuli kama vile ndiyo kubwa. Chukua karatasi, andika kila shughuli kwenye mstari wake, kisha uulize: nani atayaona maua haya, saa ngapi, na kwa muda gani? Nikahi yataka koja la bwana harusi, kwa wenye mila hiyo, na basi. Walima wa mchana watu huja kula, na sinia ya biriani ikishateremka hakuna anayetazama ua. Gari huonekana dakika ishirini, nusu yake likiwa limekwama kwenye foleni. Kupamba ndiko macho yaliko, na ndiko pesa iende.

Na katika huko kupamba, mimi ningeanza na maua ya kunukia kabla ya maua ya kutazamwa. Watu wa pwani tulikuwa na maua ya harusi tangu mpambaji hajaja na gari lake la vyuma na vitambaa. Asumini, mrehani, mkadi, langilangi, kilua. Hicho kilua ni chetu hasa: mti wake huota katika misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, na wataalamu wa mimea walipoutafutia jina la kisayansi waliazima Kiswahili, wakauita Mkilua fragrans. Kikuba cha asumini na mrehani na kipande cha mkadi, mwanamke akikivaa kifuani, hukaa naye usiku kucha. Koja hutungwa kwa uzi. Asumini za kutawanya kitandani nazo zina hesabu yake, na ndizo husahauliwa hadi saa kumi na mbili jioni, mtu akaanza kukimbia na tuktuk.

Asumini ni ua la saa. Matumba huchumwa mchana au alasiri yakiwa bado yamefumba, hufumbuka magharibi ikiingia, harufu ikakolea usiku, na kufika asubuhi yamegeuka rangi. Kwa mwenye harusi hiyo ni neema, kwani ua lafikia ubora wake wakati ule ule bi harusi anapotolewa. Lakini maana yake pia ni kwamba huwezi kulinunua juzi ukaliweka. Yakishatungwa, yafunike kwa kitambaa kibichi, uyaweke penye ubaridi. Usiyatie kwenye friza. Barafu huyaunguza, yakitoka huko huwa kama mboga iliyopikwa.

Anayetunga asumini ni mama wa mtaani, mwenye mti wake au mwenye watu wake wa shamba wanaomletea. Hana ghala. Mti hauzidishi maua kwa sababu wewe una pesa, kuna siku za mavuno na kuna siku za uchache. Mfungo Sita, mwezi wa maulidi, kila mtu anamtaka yeye. Siku za Idd vilevile. Kwa hivyo mwendee wiki mbili kabla, mpe idadi, mpe na kitu kidogo cha kumshika, kisha umkumbushe siku mbili kabla. Idadi yenyewe haitakiwi kuwa ya wageni wote. Hesabu mama wa pande zote mbili, mabibi, makhalati, mashangazi, mawifi na mashoga wa bi harusi wa karibu. Kwa harusi nyingi utapata baina ya 30 na 50.

Sisi kwenye harusi ile ya Sh. 68,000 tulinunua vikuba vya Sh. 1,800, dakika za mwisho, vikaisha kwenye meza za mbele. Makhalati zetu waliotoka Lamu, waliolala njiani kwa ajili ya mtoto yule, walikaa bila kikuba. Mpaka leo hilo ndilo linalosemwa. Lango la 6,000 sijamsikia mtu akilitaja.

Sasa mawaridi. Mengi tunayoyaona kwenye harusi zetu hayatoki huku. Yatoka bara, Naivasha hasa, ambako mashamba makubwa kando ya ziwa hulima kwa ajili ya soko la Ulaya. Jambo hilo linatugusa mara mbili.

Mara ya kwanza ni kwenye bei. Waridi la Naivasha lina kalenda yake, na siku yake kubwa ni tarehe 14 Februari, siku ya wapendanao. Wiki zinazotangulia, mashamba hukimbizana na oda za nje, na lile linalobaki kwa soko la hapa nyumbani hupanda bei, tena lisiwe lile zuri. Sisi nasi tuna kalenda yetu. Watu hukimbilia kuoza watoto Shaaban kabla Ramadhani haijaingia, na kwa kuwa mwaka wetu wa mwezi mwandamo ni mfupi kwa siku 11 hivi, Shaaban huzunguka kwenye miezi yote ya kizungu. Mwaka 2025 tarehe 14 Februari iliangukia katikati ya Shaaban. Mwaka 2026 ilikuwa ni Jumamosi, na Jumamosi ya mwisho kabla ya mfungo. Harusi ya binti wa dadangu ilikuwa Februari 2025, na hakuna hata mmoja wetu kwenye kamati aliyefikiria hilo. Sisi tulihesabu siku za Shaaban, muuza maua alikuwa akihesabu za wapendanao. Mwaka 2027 Ramadhani inatarajiwa kuanza mapema mwezi wa Februari, kwa hivyo harusi nyingi zitakuwa Januari na presha itapungua kidogo, lakini ukiwa na harusi mwishoni mwa Januari uliza bei mapema.

Mara ya pili ni joto. Naivasha ni juu, usiku kuna baridi. Ua hukatwa kule, likasafiri zaidi ya kilomita 500 hadi kushuka Mombasa, na Februari na Machi huku ndiyo miezi ya jua kali. Likifika limechoka na lina kiu. Mpambaji anayejua kazi yake hulipokea siku moja kabla, akakata ncha ya shina upya kwa mshazari, akaondoa majani ya chini yasioze ndani ya maji, akaliacha lisimame kwenye ndoo ya maji safi, penye kivuli, kwa saa kadhaa kabla ya kulipanga. Asiyejua hulitoa kwenye boksi akalichomeka moja kwa moja kwenye ile sponji ya kijani. Na jambo ambalo mimi sikulijua kabisa: usiyaweke maua chumba kimoja na ndizi na maembe yanayoiva. Matunda yakiiva hutoa hewa inayozeesha maua upesi. Kwenye harusi ni wapi tunapoficha maua? Stoo, pamoja na matunda ya wageni.

Kisha kuna ile tabia yetu. Kadi yasema saa mbili usiku, bi harusi anaingia saa nne, pengine saa tano. Vijana wa mpambaji walikuja saa tisa mchana wakamaliza saa kumi na moja, kwa kuwa walikuwa na ukumbi mwingine wa kwenda. Feni zilikuwa zinavuma. Dadangu aniambia bi harusi alipokaa kwenye kiti chake, mawaridi ya upande wa kulia yalikuwa yameshainamisha vichwa. Saa sita tulizilipia zikapita ukumbi ukiwa mtupu. Ukiweza kubadilisha jambo moja tu kwenye mpango wako, badilisha saa ya kupanga maua: vyuma na vitambaa vifungwe mchana, maua halisi yachomekwe baada ya magharibi.

Kuhusu maua ya plastiki, sioni aibu yoyote. Jukwaa kubwa, lango, maua ya juu ambayo mkono haufiki, plastiki nzuri inatosha na haifi kwa joto. Tatizo ni kulipia plastiki bei ya ua halisi. Yule mpambaji alituonyesha picha, jukwaa limejaa mawaridi meupe kutoka chini hadi juu. Picha yenyewe ilikuwa ya Dubai, ukumbi wenye baridi kama friji. Tulipewa kitu kinachofanana kwa mbali, robo tatu plastiki ya kukodi, na hakuna tulichoweza kusema kwa sababu tulichokubaliana ni picha, na picha haina idadi. Kwa hivyo usikubaliane kwa picha. Muulize: mashina mangapi ya maua halisi, ya aina gani, ya rangi gani, ya plastiki ni yapi na ni ya kukodi au ya kununua, mtafika saa ngapi, mtang'oa saa ngapi, na usafiri uko ndani ya bei au uko nje? Mwambie akuandikie hayo, hata kwa ujumbe wa WhatsApp, kabla hujatuma arubuni. Na arubuni isizidi nusu. Baki malizia usiku wa shughuli, mtu wa kike mwenye macho makali akishaingia ukumbini akayashika maua kwa mkono. Uliza pia maua halisi yakibaki ni ya nani. Ukiyalipia ni yako, usiwaachie wakayapeleka harusi ya kesho.

Tulipofika kwa mdogo wake, Agosti mwaka huo huo wa 2025, tulikaa chini mwezi mzima kabla. Safari hii dadangu alikuwapo kwenye kikao cha daftari, na khalati mmoja mtu mzima naye akaja. Tulianza kwa kuulizana: mahari yameshajulikana, chakula na ukumbi vimeshawekewa pesa, kilichobaki ni kiasi gani ambacho hakuna mtu atakayekopa? Kikapatikana 27,000 kwa maua yote. Khalati akasema wa kwanza kuandikwa ni asumini, au yeye haji. Vikuba 40 kwa Sh. 100, hizo ni 4,000. Koja la bwana harusi 1,000. Maua ya kitandani 1,500. Shada la mkononi 3,000, mawaridi na mrehani, limefungwa na binti wa jirani aliyejifunza kwenye simu, na wallahi lilikuwa zuri kuliko la dadake.

Jukwaa tulilipunguza hadi 12,000 kwa njia moja: kitambaa na majani ya plastiki ya kukodi nyuma, na maua halisi pande mbili za kiti tu, usawa wa uso wa bi harusi, kwa sababu hapo ndipo kila mtu anapotazama na ndipo mpiga picha wa kike anapolenga. Meza zilikuwa 15. Badala ya vile vinara virefu vinavyowazuia watu kuonana, tuliweka bilauri ya maji, mawaridi manne na vitawi vya mrehani. Mawaridi 60 kwa Sh. 25 ni 1,500. Mrehani tuliomba kwa majirani, hakuna aliyetunyima. Usafiri 1,500. Jumla 24,500, na 2,500 tukaziweka kando ya dharura. Lango halikuwepo. Gari lilivaa utepe. Bei hizo ni zile tulizolipa sisi siku ile, wewe zako zitakuwa nyingine, lakini zipange kwa mtindo huo, kila kitu na idadi yake na bei ya kimoja, ili ukitaka kupunguza ujue unakata wapi.

Ya dharura ilitumika. Mama wa asumini alipata homa siku hiyo, tukatuma kijana na pikipiki achukue maua kwa mwingine ng'ambo ya kivuko, na bei ya huko ilikuwa juu. Nusu ya zile 2,500 ikaenda hapo, na hakuna aliyekopa.

Lipo jambo ambalo bado latupa tabu, nalo ni nani alipe. Zamani ilijulikana ni upi wa upande wa mume na upi wa upande wa mke. Siku hizi kila nyumba ina lake. Harusi ya kwanza, upande wa bwana harusi walileta shada lao na maua ya kitanda bila sisi kujua, nasi tulikuwa tumeshayanunua. Shada moja lilibaki ndani ya ndoo. Ni vigumu kumpigia mkwe mtarajiwa simu ukamuuliza habari ya maua, yaonekana kama unaomba. Sisi tuliwatuma wanawake wawili, mmoja kutoka kila upande, wanaojuana tangu chuoni kwa maalim, wakaulizana wao kwa wao. Jibu lilirudi siku ile ile: koja na gari ni ya upande wa mume. Lile koja la 1,000 likabaki kwenye daftari letu bila kutumika, tukaliongeza kwenye vikuba vya upande wao.

Na ukiwa u mgeni tu, huna harusi, ila wewe ndiye shangazi au mjomba anayeulizwa ushauri, tafadhali usitaje namba kama yule wa karibu na mlango. Sema utauliza. Nenda Marikiti au kwa mtu unayemjua, uliza waridi ni kiasi gani wiki hii na litakuwa kiasi gani wiki ile, ndipo urudi kwenye kikao.

Dadangu alimaliza deni lake Septemba. Mfungo Mosi inshallah tuna harusi nyingine, ya mtoto wa kiume safari hii, na mama wa asumini ameshapona. Nilipita kwake juzi. Amesema anataka idadi ya vikuba mkononi mwake siku kumi kabla, na kwamba hapokei simu baada ya alasiri, kwa kuwa huo ndio wakati wa kuchuma.